Kilele si lazima kiwe asilimia 100

Kijana mwenzangu, kuna neno la Kijapani ambalo ningependa ulijue: mankai. Wajapani hulitumia maua ya sakura yanapofika kilele cha kuchanua. 'Man' ni kujaa, 'kai' ni kufunguka. Ukisikia hivyo utadhani kila ua mtini limeshafunguka. Wapi!

Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ina miti maalumu inayokaguliwa kila msimu. Ule wa Tokyo uko katika uwanja wa hekalu la Yasukuni. Maafisa huutazama kwa macho tu. Maua matano au sita yakifunguka, wanatangaza kwamba sakura imeanza. Baada ya kama wiki moja, matumba yaliyofunguka yakifika takriban asilimia 80, wanatangaza mankai. Hawangoji 100.

Na wakingoja itakuwaje? Matumba ya mti mmoja hayafunguki siku moja, na petali za sakura hazikai. Ukisubiri tumba la mwisho lifunguke, maua ya kwanza yatakuwa yashaanza kudondoka. Siku ya ukamilifu unayoingoja haipo kabisa.

Sasa jiangalie. Tangazo la kazi linataka vitu vitano, wewe unavyo vinne, basi unaliacha lipite. Umeandika hadithi, imekaa kwenye simu miezi sita, eti bado unairekebisha. Unajiambia unajiandaa, kumbe unadondosha maua.

Sisemi ulipue kazi. Asilimia 80 si mchezo, na mti wenye maua sita hautangaziwi kilele. Lakini hata hayo sita yana tangazo lake: yanaitwa mwanzo, na hakuna anayeyaonea aibu. Kama uko mwanzo, sema uko mwanzo. Kama umefika 80, acha kujificha nyuma ya hizo 20 zilizobaki.

Mankai ikitangazwa, watu hutandika chini ya miti, wakala, wakanywa, wakapiga picha. Sidhani kuna anayekaa pale akihesabu matumba ambayo hayajafunguka. Hesabu hiyo huwa tunajifanyia wenyewe, na inatugharimu msimu mzima.

Kwa hivyo ile barua ya kuomba kazi, itume leo. Ile hadithi, mpe mtu aisome.