Alikaa kwenye kibaraza cha nani?

Juzi nilikuwa Biryogo, kwenye ile barabara iliyofungwa magari na kupakwa rangi. Vijana wanakunywa chai, wanapiga picha. Mimi nilikuwa natafuta kibaraza.

Bibi yangu kazaliwa Buyenzi, Bujumbura, lakini baba yake alianzia ufundi cherehani hapa Kigali. Anwani aliyonipa ni moja tu: "Mbele ya duka la Mwarabu, ukitoka msikitini." Basi. Msikiti nilijua ni Al-Fatah, ule wa 1913. Lakini duka? Siku hizi barabara zina herufi KN na namba, na wazee hawazitumii namba hizo. Wanakuelekeza kwa maduka, hata yaliyofungwa zamani.

Shida ya fundi ni kwamba haonekani kwenye karatasi. Leseni ni ya mwenye duka, yeye kaweka mashine yake kibarazani tu. Kwa hiyo ukimtafuta fundi, anza na tajiri wake. Mzee mmoja alinitajia Waarabu wawili. Duka la kwanza sasa wanauza simu, la pili limeshabomolewa. Ni lipi? Bado sijui.

Ila nimeelewa kitu. Zama za Wabelgiji, Rwanda na Burundi zilitawaliwa pamoja, Ruanda-Urundi, makao makuu yakiwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Waswahili walikuwa na mitaa yao: Biryogo huku, Buyenzi kule. Yule mzee hakukimbia, alifuata kazi. Nchi mbili zilikuja 1962. Mimi 2015 nikapita njia ileile kurudi, nikaandikwa mkimbizi. Sibishani na hilo, jamani, ile karatasi ndiyo inanilinda. Linaloniudhi ni sisi vijana kusema "hapa hatuna mtu" wakati hatujauliza hata nyumbani.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mniwie radhi. Bibi kaulizwa mara tatu baba yake alizaliwa wapi, mara tatu kajibu hajui, mkaandika "hajulikani". Hakuna aliyemuuliza alifanya kazi gani. Mimi nilipomuuliza habari za nguo aliongea saa nzima: kanzu za Idi, nani alikopesha uzi, mashine ilivyosafirishwa juu ya lori, imefungwa kwenye godoro.

Wengine wataniambia habari za zamani zinaamsha ugomvi wa viwanja. Kweli, nimeona. Lakini mimi sidai kiwanja. Kibaraza chenyewe hakikuwa chake!

Ijumaa narudi, baada ya sala, wazee wakiwa wengi. Kama kwenu kuna aliyeshona, aliyekaanga mandazi au aliyebeba mizigo Nyamirambo, niandikieni hapa chini alikaa mbele ya duka la nani. Nitawaulizia na nyinyi.