Gari Refu Halizibi Shimo

Katika mitaa ya Buzuruga, Toyota Vanguard limekuwa gari la familia inayoanza kupata nafuu. Sababu naielewa. Lina nafasi, na yapo yenye safu tatu za viti kwa watu saba. Injini yake ya sentimita za ujazo 2,362 hupanda mlima bila kulalamika. Tumbo lake liko juu, hivyo huvuka mfereji uliochimbwa na mvua ambao gari dogo hukwama. Lile la magurudumu manne hupeleka nguvu nyuma pale tairi za mbele zinapoteleza.

Hata hivyo, urefu una gharama. Uzito ukikaa juu, gari hulalia upande kwenye kona, na zaidi likijaa watu na mizigo. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Dereva aliyezoea utulivu juu ya mashimo ya mtaani huingia barabara ya Musoma akidhani utulivu uleule utamlinda katika mwendo mkali. Haumlindi.

Gharama ya pili ni ya kisiasa, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Tumekubali kununua mmoja mmoja kile tulichopaswa kudai pamoja. Mwenye gari refu akishavuka mfereji, mfereji humtoka akilini. Naye ndiye mwenye sauti inayosikika ofisini na vikaoni! Anayebaki na mfereji ni mama mjamzito aliyepakiwa kwenye bodaboda usiku wa mvua, akikimbizwa Hospitali ya Sekou Toure. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tusiseme kwamba barabara ni za wenye magari. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita, mafuta ya taa yakiwemo. Bibi anayewasha koroboi aliingizwa katika mchango huo bila kumiliki hata baiskeli. Mwaka huohuo TARURA ilianzishwa kusimamia barabara za mijini na vijijini. Mdai anajulikana, na mdaiwa pia.

Wala hatuhitaji miujiza. Mwanza ni mji wa mawe, na ipo mitaa ya milimani iliyotandikwa mawe hayohayo, kazi inayowapa vijana ujira na kustahimili mvua. Mfereji wa pembeni ukijengwa vema, hata gari dogo litapita.

Simlaumu anayelinunulia familia yake gari imara. Ninamwomba jambo moja: mkutano wa mtaa ukiitishwa, awe wa kwanza kuuliza habari za mfereji, kwa niaba ya wale wanaouvuka kwa miguu.