Umeusoma Mswada, au Umeufowadi Tu?

Wewe kijana wa Majengo Thika, wewe dada wa Kiandutu, wewe uliyepanga bedsita Ruiru, na wewe wa Githurai 45 unayesoma hii umebanwa kwenye kiti cha nyuma cha 145.

Swali moja tu. Ile habari ya "Kenya imehalalisha ndoa ya jinsia moja" umeifowadi mara ngapi? Na umeifungua ukaisoma mara ngapi?

Tangu 2023 habari hii hufa na kufufuka, na kila ikifufuka magrupu yetu yanawaka moto. Laana, hashtagi, sauti ya ustadh iliyokatwa katikati, halafu video ya wabunge wazungu wanapiga makofi na kukumbatiana. Ukitazama vizuri utakuta ni bunge la jimbo fulani Marekani, miaka mingi iliyopita. Lakini huku kwetu tayari mtu anauliza eti MCA wake alipigaje kura. MCA! Bunge la Kaunti ya Kiambu linaweza kukupangia ada za soko la Ruiru. Ndoa haliwezi kuigusa.

Kule Marekani ni tofauti, ndiyo maana video zao zinatuchanganya. Kwao ndoa ni jambo la jimbo. New York ilipita kwenye seneti ya jimbo Juni 2011, kura 33 kwa 29. Maine bunge la jimbo lilipitisha 2009, wapiga kura wakaifuta Novemba mwaka huo huo, kisha mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo hilo hilo wakaikubali. Iliendelea hivyo, jimbo baada ya jimbo, hadi Mahakama ya Juu ya nchi nzima ikakata shauri tarehe 26 Juni 2015. Mtu wa kule aliyetaka kufuatilia alikuwa na majimbo 50 ya kuangalia. Wewe una Bunge moja Nairobi na mahakama zake. Kutoka Thika ni kupanda 237.

Sasa tuseme kilichotokea kweli hapa.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa kesi iliyoanza 2013. Swali mbele ya majaji lilikuwa hili: je, serikali inaweza kukataa kusajili shirika kwa sababu tu jina lake linataja mashoga na wasagaji? Majaji watatu walisema haiwezi, kwa sababu Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujumuika. Wawili, Mohammed Ibrahim na William Ouko, walipinga. Ndoa haikuwa mezani siku ile. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vya miaka 14 na miaka 5 jela, vilibaki pale pale, na Mahakama Kuu ilikuwa imevikubali vibaki tarehe 24 Mei 2019. Mbunge Peter Kaluma wa Homa Bay Town alirudi kuomba uamuzi wa Februari uangaliwe upya, na Septemba 2023 mahakama ikamkatalia.

Unaweza kuuchukia uamuzi ule. Wengi wetu hatukuupenda, na nikaha kwetu ni ya mume na mke, hilo halina mjadala hapa. Lakini kabla hujakasirikia Kifungu cha 36, muulize babu yako au mzee yeyote wa Pwani habari za 1992. Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilinyimwa usajili na serikali ya Moi kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Vijana wa Mombasa wakaingia barabarani, mabomu ya machozi yakalipuka. Wakati ule hapakuwa na Kifungu cha 36 cha kukimbilia. Leo jumuiya ya wanafunzi Waislamu pale chuoni kwako, chama cha kina mama wa madrasa, hata ukurasa huu unaousoma, vyote vinasimama juu ya haki hiyo hiyo.

Turudi kwenye ndoa. Kifungu cha 45(2) cha Katiba kinasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Kiko ndani ya Sura ya Nne, Haki za Binadamu, na Kifungu cha 255 kinasema sura hiyo haibadilishwi bila kura ya maoni ya nchi nzima. Kwa hiyo yule anayekuambia wabunge "wamepitisha usiku" anakudanganya. Kuna mawakili watakuambia 45(2) inatoa haki ya ndoa ya mume na mke bila kukataza nyingine kwa maneno. Haya, basi fungua Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 3: ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wa mke mmoja au wa wake wengi. Sheria hiyo hiyo ina sehemu yake ya ndoa za Kiislamu, na inasema chochote ndani yake kinachopingana na sheria ya Kiislamu hakimhusu Mwislamu. Ukitaka mlango wa kulinda, ni huo. Sheria ya kawaida Bunge linaweza kuirekebisha bila kura ya maoni. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuifungua? Iko kwenye intaneti bure, haizidi bando ya shilingi ishirini.

Kilichoko Bungeni kweli ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2023 mbunge wa Nyali, Mohamed Ali, alileta hoja ya kutaka serikali ipige marufuku habari na machapisho yanayoeneza mapenzi ya jinsia moja. Hoja. Hoja hata ikipita kwa kelele zote inabaki kuwa maoni ya wabunge, haimfungi mtu. Kaluma naye akaandika Mswada wa Ulinzi wa Familia, 2023. Huu ndio ungekuwa sheria: adhabu nzito kuliko za Kanuni ya Adhabu ya sasa, marufuku ya kile unachokiita kuhamasisha, na kufukuzwa kwa wakimbizi watakaopatikana na makosa hayo. Haujawa sheria. Mswada husomwa mara ya kwanza, huenda kwa kamati, kamati huita wananchi watoe maoni kwa sababu Kifungu cha 118 kinailazimisha, ndipo ukasomwa mara ya pili, ukachambuliwa kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya tatu, ukaenda kwa Rais. Bunge likimaliza muda wake kabla ya hapo, mswada hufa nalo.

Nimesikia vijana wetu wakisema: mswada unapinga ushoga, kwa hiyo sisi tuko ndani, amiin, tusonge. Hapo ndipo ninapogombana nanyi.

Uganda walitutangulia. Sheria yao ya kwanza Museveni aliitia saini Februari 2014, na tarehe 1 Agosti mwaka huo mahakama ikaitupa. Majaji hawakuhitaji hata kufika kwenye maadili. Bunge lilikuwa limepitisha bila akidi ya wabunge kutimia, basi. Wakaandika nyingine, Museveni akaitia saini Mei 2023. Kifungu cha 14 cha sheria ile kilimlazimisha kila mtu kumripoti anayemshuku. Kifungu cha 9 kilimgusa mwenye nyumba ambaye nyumba yake inatumika kwa makosa hayo. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame, lakini vifungu hivyo viwili ikavifuta.

Sasa lete vifungu kama hivyo Ruiru. Unajua maisha yetu hapa. Bedsita moja, wavulana wawili, kila mmoja anachangia nusu ya kodi, mmoja anasoma Zetech na mwingine anauza viatu vya mtumba. Au wawili waliotoka Garissa kuja MKU Thika, binamu, wanalala godoro moja kwa sababu la pili halijanunuliwa. Mwenye ploti anaogopa jela. Jirani ana kinyongo kwa sababu ya maji. Sheria inasema shuku, ripoti. Nani atagongewa mlango saa tisa usiku? Tajiri wa Runda? Na askari akishaingia ndani akakuta kanzu, kofia na vitabu vya Kiarabu, unadhani maswali yatabaki kwenye ushoga?

Na hili sikulitunga la kukutisha. Ukitoka Ruiru kwenda mjini unapita uwanja wa Kasarani. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, watu walizolewa Eastleigh, wengi Wasomali, wakaletwa pale kukaguliwa vitambulisho. Desemba 18 mwaka huo Bunge likapitisha sheria za usalama katikati ya vurugu, makaratasi yanaraurwa, Naibu Spika anamwagiwa maji, na kesho yake Rais akatia saini. Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane Februari 2015, baada ya watu kwenda kortini. Aprili 2015 MUHURI na Haki Africa wakatiwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, akaunti zao zikafungwa hadi mahakama ilipoamuru zifunguliwe Novemba. Yote hayo yalipigiwa makofi na watu wema waliodhani sheria inamlenga mtu mwingine. Na kifungu cha kufukuza wakimbizi, unafikiri kitaanza kutumiwa wapi? Muulize shangazi yako wa Eastleigh.

Dini yetu haitusaidii kuwa wavivu katika hili. Surat Hujurat inatuamuru tuichunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Sura hiyo hiyo, aya chache mbele, inatukataza kupelelezana. Na Surat Nur imeweka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima, na asiyewaleta anapigwa yeye viboko. Mwenye kupeleka jina la jirani polisi kwa kushuku tu ajue anasimama wapi.

Halafu msiniambie mambo ya mswada ni ya mawakili. Juni 2024 ninyi wenyewe mlisoma Mswada wa Fedha. Mlijua ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate uko wapi, mlijua asilimia 2.5 ya gari. Mliutafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikuyu, mkaweka kwenye TikTok. Vijana wa Githurai walilipa kwa damu usiku wa tarehe 25, Mungu awarehemu, na tarehe 26 Rais akauondoa. Kwa mkate mlisoma. Kwa jambo mnalosema ni la dini yenu, mnafowadi?

Na Thika mna bahati ambayo Mombasa hawana. Kwenye Bunge hili la 13, aliyeshika kiti cha Kamati ya Ulinzi wa Jamii, kamati ya mambo ya watoto, jinsia na ustawi wa jamii, ni Alice Ng'ang'a, mbunge wa Thika Town. Ruiru mna Simon King'ara. Hawa ni wabunge wenu, wana ofisi hapa hapa, na wanataka kura 2027.

Kwa hiyo wiki hii, grupu moja la watu watano, si lazima zaidi. Mmoja apakue mswada wa Kaluma. Mmoja afungue ukurasa wa Bunge, kuna orodha ya miswada yote na hatua iliyofikia, aandike uko wapi. Watatu waliobaki waende ofisini kwa mbunge na karatasi ya maswali matatu, wachukue muhuri wa kupokelewa: mswada huu umefika hatua gani, maoni ya wananchi yatachukuliwa lini na yatachukuliwa Thika au Nairobi peke yake, na je, una kifungu chochote kinachomlazimisha jirani au mwenye ploti kuripoti, au kinachomruhusu askari kuingia nyumbani kwa mtu bila amri ya korti? Majibu mkipata, piga picha, tutumieni inbox. Msipopata, pigeni picha ya muhuri na tarehe, tuwekeni hapa na jina la ofisi.