Mzazi akikosa, amwombe mwanawe radhi?

WENGI wetu tulio na watoto wa shule ya upili tumeshindwa na jambo moja, nalo ni michezo ya runinga kutoka Korea. Shule zikifungwa tu, macho ya mtoto huwa kwenye simu na masikio yamezibwa. Ukimwita anaitika kwa wito wa tatu. Mara anacheka peke yake, mara machozi yanamtiririka, nawe hujui kilichomliza.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele kuikashifu michezo hiyo. Nilidai kwamba ni hadithi za wavulana wenye nyuso laini na wasichana maskini wanaopendwa na wana wa matajiri, na kwamba mzazi wa Kiafrika hana la kuokota humo. Likizo iliyopita nililazimika kuyameza maneno hayo. Simu ya binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka 16, ilipasuka kioo, akaomba kutazama mchezo wake kwenye runinga ya sebuleni. Nami, kwa kukosa pa kwenda, nikaketi.

Mchezo wenyewe unaitwa Reply 1988. Ulionyeshwa Korea Kusini kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, una sehemu 20, na kila sehemu hupita saa moja. Wahusika huzungumza Kikorea na tafsiri ya Kiingereza hupita chini ya kioo, kwa hivyo ukisinzia umeachwa. Unasimulia habari za familia tano za kichochoro kimoja mtaani Ssangmun-dong, jijini Seoul, kuanzia mwaka ule jiji hilo lilipoandaa michezo ya Olimpiki.

Kilichonivuta kwanza ni mwaka huo. Mkenya wa rika langu ataisahauje Seoul? Paul Ereng alishinda mita 800, Peter Rono 1,500, John Ngugi 5,000, Julius Kariuki akaruka viunzi na maji, naye marehemu Robert Wangila akatwaa dhahabu ya ndondi. Katika mchezo huu, msichana Sung Deok-sun amechaguliwa kubeba bango la Madagaska siku ya ufunguzi. Madagaska inajiondoa, kama ilivyojiondoa kweli, na msichana analia kana kwamba amefiwa. Mwishowe bahati inamwangukia, anabeba bango la Uganda. Nilipiga makofi, binti yangu akanitazama kwa mshangao.

La pili lililonipendeza ni ujirani wao. Jua likitua, mama huyu anamtuma mtoto apeleke bakuli la mboga nyumba ya pili, na huko anapewa bakuli jingine la kurudi nalo. Nilikumbuka utotoni mwetu, ambapo sahani ya jirani hairudishwi tupu. Leo kwenye ploti yetu tunajuana kwa nambari za milango.

Lakini lililonichoma ni habari ya yai. Deok-sun ni mtoto wa kati. Dada yake Bo-ra ni mwerevu wa chuo kikuu, na nduguye No-eul ndiye mwana wa kiume. Mayai yakiwa mawili, hao wawili ndio hupewa. Akichinjwa kuku, mapaja ni ya hao wawili. Hata siku yake ya kuzaliwa haina keki, kwa kuwa iko karibu na ya Bo-ra. Mishumaa ya dada huzimwa, kisha ikawashwa tena kwa ajili yake. Siku moja anapasuka kwa kilio mbele ya wote, akiuliza ni nani aliyewaambia kwamba yeye hapendi mayai.

Usiku ule baba yake anamngoja kichochoroni na keki ndogo. Anamwambia kwamba hata yeye hakuzaliwa akiwa baba, na kwamba kazi hii ndiyo kwanza anajifunza, basi amsamehe.

Nilijifanya ninakohoa.

Msomaji, baba huyo ni karani wa benki, mtu mwenye mshahara wake, lakini familia inaishi katika nyumba iliyozama nusu ardhini, chini ya ile ya mwenye nyumba. Sababu ni kwamba alimdhamini rafiki yake mkopo, rafiki akashindwa kulipa, na mshahara ukawa unakatwa kila mwezi.

"Baba huyu anafanana na wewe," binti yangu akasema bila kunitazama.

Hapo nilihisi baridi. Miaka minne iliyopita nilimtilia sahihi mwenzangu wa kazini. Akaacha kazi, simu yake ikazimwa, na deni likanirukia mimi. Karo ya shule mbili za bweni haikuwezekana tena. Kifungua mimba wetu alikuwa kidato cha nne, hangeweza kuhamishwa. Basi tulimhamisha huyu wa kati hadi shule ya kutwa. Nilimwambia nini? Nilimwambia kwamba huko kuna walimu bora wa hesabu.

Sikulala usiku huo. Asubuhi, mama yao akiwa sokoni, nilimwita binti yangu nikamweleza yote, kuanzia sahihi ile hadi uwongo wa walimu wa hesabu. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kuhusu deni nilijua, Baba. Nilimsikia Mama akizungumza na shangazi. Lakini muhula wote wa kwanza nilidhani mlinitoa kule kwa sababu alama zangu zilikuwa chini."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko deni lenyewe. Nilidhani ninaficha aibu yangu, kumbe nilikuwa nimemtwika yeye.

Tumelelewa tukiamini kwamba mzazi hamwombi mtoto radhi, eti heshima itapungua. Hata Wakorea, kwa niliyoyaona, wana desturi hiyo hiyo ya kumwogopa baba, na ndiyo maana ile keki ya kichochoroni iliwaliza. Lakini mtoto asipoambiwa sababu, hujitungia yake, na mara nyingi sababu anayojitungia ni kwamba yeye hafai.

Sisemi kila kitu katika mchezo huo ni kizuri. Baba yule hurudi nyumbani amelewa mara kwa mara na mchezo hutaka tumcheke, hali mkewe ndiye anayekopa kwa jirani ili watoto wale. Hilo si la kuchekwa. Pia kitendawili cha nani atamwoa Deok-sun kimevutwa mno, hadi nikachoka.

Hata hivyo, nimeacha kuuliza binti yangu analia nini. Siku hizi ninaketi karibu naye. Na wewe mzazi uliye na mtoto wa kati, juma hili akichinjwa kuku, angalia paja linaelekea sahani ya nani.

Mama watoto alipozipata habari hizi aliporudi kutoka sokoni, aliuliza swali moja tu: "Na mimi je, keki yangu iko wapi?" Bado sijampa jibu.

Hadi Jumapili ijayo.