Kabla ya vitufe, jua sifuri iko wapi

Mabratha na masista, hizi kozi za "kuwa programa wa CMM kwa wiki mbili" zimejaa kwa simu yangu siku hizi, na nina neno nazo. Mimi niliwacha chuo, kwa hivo sitetei digrii ya mtu hapa. Shida yangu ni moja: zinafundisha vitufe, zinaruka alainmenti.

CMM ni ile mashini inayogusa kipande cha chuma kwa kijiti chenye kichwa cha rubi, halafu inakwambia kila tundu liko wapi, hadi sehemu za elfu za milimita. Lakini haijui kipande umekilaza vipi mezani. Ni kipofu. Wewe ndo unaiambia chini ni wapi, mbele ni wapi na hesabu inaanzia wapi.

Fundi wa nyumba pale Kisauni anaelewa hii kuliko hizo video. Akianza kazi anasawazisha kwa pima maji, anavuta uzi kupata mstari, kisha anachagua kona ya kuanzia kupima. CMM ni hivo hivo: pointi 3 kwa uso mmoja kusawazisha, 2 kwa ubavu ili kipande kisizunguke, 1 ya kuweka sifuri. Basi, hakina tena pa kukimbilia.

Sasa, uso gani? Hapa ndo watu huanguka. Mchoro unasema datamu A ni uso wa chini, ule unaofungwa kwa injini. Msee anaona wa juu uko wazi, rahisi kugusa, anachukua huo. Wa juu ukiwa umeinama nusu digrii tu ukilinganisha na wa chini, kwa kipande cha milimita 400 hiyo ni karibu milimita 3.5 kutoka mwisho hadi mwisho! Skrini inaweza kuwa kijani kote, halafu bolti ikatae kuingia. Ama kipande kizuri kitupwe. Na atakayefutwa ni kijana wa juzi, si aliyemuuzia kozi.

Kingine hawasemi: alainmenti hufanywa mara mbili. Ya kwanza kwa mkono, ya kukadiria tu, mashini ijue kipande kiko wapi. Ya pili mashini yenyewe inarudia kugusa, na hiyo ndo ya kuamini.

(Na joto letu hili? Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa digrii 20. Aluminiamu ya milimita 400 ikifika 30, imeshaongezeka kama 0.09. CMM Changamwe bila eisii, sahau.)

Kwa hivo kabla hujatuma hela, muulize huyo mwalimu: nikikupa mchoro wenye A, B na C, utanieleza kwa nini A inatangulia? Akianza kukuonyesha menyu za programu, rudisha simu mfukoni.