Maji Yasafiriyo Ndani ya Waridi

Wakulima wenzangu wa Kinangop, maji ya Turasha hutoka huku kwetu, hujiunga na Malewa, kisha huingia Ziwa Naivasha. Kando ya ziwa hilo hulimwa maua ya waridi, na mengi hupelekwa Uholanzi kwa ndege. Mnunuzi wa huko huona ua tu, maji hayaoni.

Mwaka 2012 wataalamu Mekonnen, Hoekstra na Becht walitangaza hesabu yao: waridi moja la Naivasha hutumia lita 7 hadi 13. Karibu nusu debe kwa ua moja! Mimi karani wa hesabu za mbolea niliisoma mara mbili. Walishauri mnunuzi wa ng'ambo aongezewe bei kidogo, na fedha hizo zitunze maji ya bonde.

Nakubali, ila fedha hizo zisiishie ziwani. Kuanzia 2010 baadhi ya wakulima wa huku waliopanda mistari ya nyasi kuzuia udongo walipewa hati za kununulia vitu vya shamba, kwa mchango wa watumiaji maji wa chini. Malipo yalikuwa madogo, tena si wote walioyapata. Mtu anayeacha mistari miwili ya viazi apande nepia amepoteza magunia. Alipwe kwa kadiri hiyo.

Nasi tunaolima mpaka ukingoni mwa mto, tutadai nini? Chama cha watumiaji maji kikiita mkutano, nendeni mkayaseme haya, na shamba lako liwe limekwisha pandwa nyasi.