MAONI: Wahudumu wa afya wanoe mikono kwa mwanasesere, si kwa mtoto wako

Hebu nikuulize. Mchezaji wa Harambee Stars akikaa miezi sita bila kugusa mpira, utakubali apewe penalti ya mwisho? Najua jibu lako. Sasa mbona hatuulizi swali hilohilo tunapompeleka dada, mke au mchumba wetu wodi ya kujifungulia?

Dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, wahudumu wa afya huiita Dakika ya Dhahabu. Watoto wengi hulia wenyewe na mambo yanaishia hapo. Lakini kuna yule anayetoka kimya. Huyo hukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asipopumua, huwekewa barakoa ndogo usoni na kusukumiwa hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Hayo yote yanafaa kuwa yameanza kabla dakika moja haijaisha. Barakoa ikikaa vibaya kidogo tu, hewa inatorokea pembeni na kifua hakiinuki.

Kusoma hayo kitabuni ni rahisi. Kuyafanya saa tisa usiku, mama analia na stima imepotea, ni noma. Halafu kwa kuwa watoto wa aina hiyo ni wachache, mkunga anaweza kukaa wiki kadhaa bila kumhudumia hata mmoja. Mkono nao husahau, hata uwe wa mtu aliyesomea kazi hiyo miaka mingi.

Hapo ndipo mwanasesere anapoingia. Usicheke. Resusci Anne, yule wa kufundishia watu kumpulizia hewa mtu aliyezimia, alitengenezwa mwaka wa 1960 na Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa vichezeo kutoka Norway. Miaka mingi baadaye kampuni yake ilileta NeoNatalie, mtoto wa plastiki anayejazwa maji ili awe mzito kama mtoto halisi. Ukimsukumia hewa vizuri, kifua kinapanda. Ukikosea, kinabaki palepale. Unajaribu tena na hakuna aliyeumia.

Lakini kununua mwanasesere na kumfungia kabatini hakusaidii, na mafunzo ya mara moja pia hayatoshi. Angalia majirani zetu. Haydom ni hospitali ya mashambani katika mkoa wa Manyara, Tanzania. Mwaka wa 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere, walifanya vizuri sana. Walipochunguzwa wakihudumia watoto halisi, kazi yao haikuwa imebadilika.

Kwa hivyo hospitali ikabadilisha mtindo. Kuanzia 2011, mwanasesere aliwekwa karibu na wodi ya kujifungulia. Kila wiki wahudumu walifanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5, na kila mwezi wakakaa dakika 40 hivi kurudia somo lote. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Ni hospitali ileile, na kilichoongezeka ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara.

Sasa turudi kwetu. Wahudumu wa afya nchini hutakiwa kukusanya pointi za mafunzo ili leseni zao zihuishwe. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba pointi unaweza kuzipata kwa kukaa kitini, iwe ni ukumbi wa hoteli au mbele ya kompyuta, ukisikiliza mtu akiongea. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo labda utasema nina kinyongo na vyeti. Zii. Cheti kinaonyesha kwamba ulijua siku ya mtihani. Mgonjwa anataka kujua kama unajua leo.

Najua utetezi utakaokuja: wauguzi ni wachache na wamechoka. Ni kweli, na mwanasesere hataziba pengo la wafanyakazi, glavu au oksijeni. Wala mazoezi haya yasigeuzwe kiboko cha kumwaibisha muuguzi mbele ya wenzake. Mtu akiogopa kukosea mbele ya plastiki, hatajifunza chochote. Lakini dakika 5 kwa wiki zinapatikana, hasa zikihesabiwa kama sehemu ya zamu na kuingizwa kwenye zile pointi za leseni. Tena si watoto tu. Kuzuia mama kuvuja damu, kuingiza mpira kwenye njia ya mkojo, kutafuta mshipa wa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, zote ni kazi za mkono. Zote zinaweza kufanyiwa mazoezi kabla ya kumfikia mgonjwa.

Wewe msomaji una nafasi yako hapa. Hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na bajeti ya kaunti haipitishwi kabla ya wananchi kuombwa maoni. Vikao hivyo huwa tunawaachia wazee, halafu tunalalamika mitandaoni. Safari hii nenda, uombe kipaza sauti na uulize maswali mawili: wodi ya kujifungulia ya hapa kwetu ina mwanasesere wa mazoezi? Na mara ya mwisho kutumiwa ilikuwa lini? Wakikosa jibu la swali la pili, usikae chini haraka.